Kifaranga Aliyemwita Mamake Yaya

Sogeeni, watoto. Na nyinyi wazazi mnaojifanya mko na shughuli kwenye simu, sogeeni pia.

Asubuhi hiyo bwawa la Bodo lilikuwa limetulia, kando ya mpunga wa Bi Mwanapili. Boga, kifaranga wa bata mwenye vinyoya vya manjano, alikuwa akimfuata mamake, tepe tepe, tepe tepe. Mamake alikuwa kuku. Msicheke. Bi Mwanapili alikuwa ameweka yai la bata chini ya kuku wake, kama wafugaji wengi wanavyofanya, na kuku akaliatamia bila maswali. Kifaranga alipoanguliwa, kuku akampenda hivyo hivyo, na mdomo wake bapa.

Boga akayaona maji. Chubwi, akajitosa.

"Boga, mwanangu, toka huko, utalowa," Mama Kuku akaita, akikimbia ukingoni huku na huko, kilemba chake chekundu kikitikisika.

Vifaranga wa Bi Bata waliokuwa wakiogelea wakaangua kicheko. Nzai, mwenye maneno mengi kuliko manyoya, akauliza, "We Boga, huyo mwenye kelele ni nani wako?"

Boga akatazama ukingoni. Akaiona ile miguu myembamba, mikavu, isiyojua kuogelea. Uso ukamwaka moto.

"Huyo? Huyo ni yaya tu."

Mama Kuku akasikia. Akanyamaza. Akarudi nyuma, akasimama majanini, asije akamtia mwanawe aibu.

Mchezo ukanoga. Baadaye wingu likafunika jua, upepo ukaanza. Sasa, bata huwapaka wanawe mafuta ya manyoya yake, ili maji yawateleze. Boga hakuwa amepakwa na mtu. Vinyoya vyake vilikunywa maji mpaka vikawa vizito kama tambara la kupigia deki. Akajikokota hadi kwenye tope la ukingoni, karibu na Bi Bata aliyekuwa amewafunika wanawe, akakwama hapo, akitetemeka.

"Shikamoo, Bi Bata. Nasikia baridi."

"Marahaba, mwanangu. Mabawa yangu yamejaa hawa wangu. Mwite mamako."

Vifaranga wakachungulia kutoka chini ya mabawa, wasikilize. Boga akawaona. Akiita, watamcheka. Asipoita, baridi itammaliza.

"Mama," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Mama Kuku, aliyechukia maji kuliko kisu, alikuwa keshaingia topeni, miguu yote imezama. Akamfunika kwa bawa.

"Kumbe wewe ndiye mamake?" Bi Bata akauliza.

"Mimi ni yaya wake tu," Mama Kuku akajibu kwa upole.

Hapo ndipo Boga alipoijua aibu yenyewe. Ile ya asubuhi ilikuwa mchezo. Akatoa kichwa nje, mbele ya wote.

"Si yaya. Ni mamangu. Nilisema uongo."

Nzai akacheka. Boga akamwacha acheke.

"Rudisha kichwa ndani," Mama Kuku akasema, "unaingiza baridi."

Funzo

Usimkane aliyekulea ili upendwe na wenzako. Atakunyamazia, na huko kunyamaza kwake kutakuuma kuliko kiboko. Nawe kijana wa Ukunda, ambaye mamako akipita na beseni la mihogo unainama kufunga kiatu kisicho na kamba, usidhani nilikuwa nikisema na bata. Inuka, mwamkie, umpokee beseni.