Njia Aliyoiandika Lidwina

Tairi la mbele la kushoto ndilo lililozama kwanza. Lilitoboa ukoko mkavu wa mbuga kama kidole kinavyotoboa ugali uliopoa, na kabla Edwin hajaingiza gia ya kurudi nyuma, la kulia nalo likafuata. Gari likainamisha pua kwenye tope jeusi, likanguruma, likakohoa, likazimika. Mbung'o waliingia madirishani kabla hata mtu hajafungua mlango.

"Kwenye picha panaonekana pakavu kabisa," alisema Tumpe, akitazama ramani kwenye simu yake.

"Juu ni pakavu, injinia," Edwin akajibu. "Sisi tumeingia chini."

Wakacheka wote wawili. Lidwina, aliyekaa kiti cha nyuma na mfuko wa mihogo magotini, hakucheka. Ndani ya kifua chake kitu kidogo kilifurahi, na furaha ile ilimtia aibu papo hapo.

Walikuwa wametumwa na kwaya yao ya Songea mjini kukagua njia. Ndiyo desturi ya kwaya ile: kabla ya kupeleka watu arobaini mahali pasipojulikana, watatu hutangulia wakaangalia madaraja, maji, mahali pa kulala na mahali pa kuchimba dawa, kisha hurudi kueleza. Miaka yote safari ya kwaya ilikuwa ya ziwani, Mbamba Bay. Mwaka huu Lidwina ndiye aliyeuliza kwa nini tembo wa upande wao wawaone kwenye televisheni tu. Mwalimu huyu wa chekechea, asiyependa kusimama mbele za watu, alipanga mwaka mzima safari ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa kuingilia kusini, kupitia Namtumbo. Aliwauliza madereva, akawapigia simu maskauti, wale askari wa wanyamapori wa vijijini, akajaza daftari. Njia aliyoichagua ilizungukia darajani. Ilikuwa ndefu, lakini ya uhakika.

Kisha akaja Tumpe. Mwanamke wa Tukuyu, mpima ardhi, kahamia Songea mwezi wa nne, na sauti yake ya kwanza ilikuwa safi hata wazee wa besi walinyamaza kuisikiliza. Kwenye kikao cha mwisho alifungua kompyuta akaonyesha njia ya mkato inayookoa saa tatu. Mzee Bartolomeo, mwenyekiti, akapiga makofi. "Tumpe ataongoza," akasema. "Lidwina atuandikie." Na Edwin, dereva wao, ambaye kwa miaka miwili alimsindikiza Lidwina hadi kwao baada ya mazoezi bila neno kubwa kusemwa kati yao, jioni ile alibaki nyuma akimuuliza Tumpe jinsi picha za satelaiti zinavyopigwa.

Sasa Edwin alikata matawi, akalaza ubao kwenye tope, akaweka jeki. Wanawake walichimba, mmoja kwa koleo, mwingine kwa sufuria. Jua lilikuwa kali na tope lilinata mikononi kama gundi. Kufikia saa nane mchana gari lilikuwa limeinuka kiasi cha kupitisha mkono. Edwin akalala ubavu, akaanza kusukuma matawi chini ya tairi kwa mguu.

Ubao ukateleza. Jeki iliruka pembeni na gari likashuka.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mguu," kama mtu anayetaja kitu alichosahau nyumbani.

Walimfukua kwa kucha. Ulaini wa tope ndio uliouokoa mguu usisagike, lakini chini ya goti nyama ilikuwa imepasuka hadi weupe ulionekana, na mguu wenyewe uliinama mahali ambapo mguu hauinami. Tumpe alichana kitenge chake bila kusita. Walimnyoosha, Edwin akiuma mkanda wa suruali, wakamfunga kwa fimbo mbili za myombo na kumlaza kwenye kivuli cha gari. Dumu moja lilikuwa limepasuka njiani bila wao kujua. La pili lilikuwa na maji ya lita tano hivi.

"Tunakaa na gari," Tumpe alisema, akimfuta Edwin jasho. "Hakuna wa kutembea hapa. Karatasi yetu iko kwa maskauti. Tusipofika langoni leo, kesho asubuhi watafuata njia iliyoandikwa. Si ndivyo walivyosema, Lidwina?"

"Ndivyo."

"Basi tupumzike," Edwin akasema, macho kayafumba. "Lidwina huyu hata nukta hasahau."

Lidwina akageuza uso.

Karatasi ile aliiandika yeye asubuhi, kwenye meza ya kituo cha maskauti, wakati wenzake wako nje wakipiga picha. Alipofika kwenye mstari wa njia, kalamu ilisimama. Dirishani alimwona Edwin akimshikia Tumpe kofia. Akaandika: *kwa kuzungukia darajani*. Alijiambia ni karatasi ya faili tu, na kwamba angalau mahali pamoja duniani safari hii ingebaki yake. Skauti mzee alipiga muhuri bila kuuliza.

Kwa hiyo kesho wangetafutwa kwenye barabara ya darajani, mashariki kule, ng'ambo ya pori zima. Hapa mbugani hakuna mtu aliyejua kwamba wapo.

Alipaswa kusema saa ile ile. Alifungua kinywa mara tatu. Mara ya kwanza Tumpe alikuwa akimnywesha Edwin. Mara ya pili Edwin alimtania Tumpe, "Kwenu Tukuyu mvua kila siku, leo unapima maji kwa kizibo." Mara ya tatu kichwa cha Edwin kilikuwa kwenye paja la Tumpe, na Lidwina alihisi kwamba akisema sasa atakuwa amemkabidhi Tumpe kila kitu: sauti, uongozi, mwanamume, na hata wema. Akafunga kinywa. Usiku walijifungia ndani ya gari, na ulipita.

Asubuhi Edwin alikuwa wa moto. Mguu ulikuwa umevimba hadi kitambaa kilizama ndani ya nyama, na nzi hawakufukuzika. Aliongea na marehemu mama yake kuhusu mbuzi. Maji yalibaki kama lita mbili. Tumpe aligawa, kizibo kimoja kimoja. Lidwina, akimtazama kwa jicho la wivu lisilokosa kitu, aliona Tumpe akipeleka kizibo chake mdomoni, akilowesha midomo tu, akikunja koo kama anayemeza, kisha akikimimina kwenye kikombe cha Edwin. Pengine alifanya hivyo tangu jana. Midomo yake ilikuwa imepasuka ikatoa damu.

"Hawaji," Lidwina akasema.

"Watakuja. Ni mapema."

"Hawaji huku. Niliandika njia ya darajani."

Tumpe aliweka kikombe chini taratibu, kisimwagike. "Rudia."

Akarudia. Alieleza meza, kalamu, dirisha, hata kofia. Tumpe hakumpiga, ingawa Lidwina angependa ampige.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yako."

Mbung'o alitua shingoni mwa Tumpe na yeye hakumfukuza. "Ungeniambia," akasema hatimaye. "Ungesema tu, dada, njia yako mbaya, mbuga hii inameza magari."

"Ungenisikia?"

Tumpe akafikiri. "Sijui," akasema. "Siku ile nilitaka kupigiwa makofi. Sijui kama ningekusikia."

Kisha akainuka na kuwasha simu. Ilikuwa na chaji ya asilimia sita na mtandao haukuwepo, lakini ramani ilifunguka. "Maskauti wanaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili. Wanakwenda hadi langoni, wasipoona kitu wanageuza."

"Kwa hiyo watapita barabara yako mara mbili. Mtu awepo pale kabla hawajapita mara ya pili. Kutoka hapa ni kilomita kumi na moja. Nakwenda."

"Kwa viatu hivyo vya kanisani?" Lidwina alikwishajifunga khanga kiunoni. "Mimi nimekulia Maposeni, nimetembea mashambani kabla ya kwenda shule. Na wewe ndiye unayejua kumfunga mguu. Nionyeshe tu."

Tumpe aliushika mkono wake, akamchorea kwa kalamu kuanzia kiwiko hadi kifundo: miyombo, kisha korongo la mchanga, kisha mwinuko, kisha barabara. "Asubuhi jua usoni. Likipanda utosini, tafuta korongo, fuata kushoto hadi lipinde. Maji chukua nusu lita."

"Mbili ndizo zilizopo."

"Nimesema chukua."

Hata pale, midomo ikiwa mikavu na hatia ikiwa imemkaba, Lidwina aliumia kuwaacha wawili hao peke yao. Alishangaa jinsi wivu usivyojua kuona haya.

Edwin alifumbua macho. Alikuwa amerudi kidogo. "Mwalimu," akasema, "ukikutana na nyati usimsalimie."

Alitembea. Nyasi za mbugani zilimchana mapaja, halafu miyombo ikampokea kwa kivuli chepesi kisichosaidia. Hakukimbia, maana anayekimbia humaliza maji. Kila alipofika kichuguu alisimama, akasikiliza, akachagua mti wa mbele na kuufuata. Jasho lilianza kufuta wino mkononi. Alijisomea mchoro kwa sauti, kama anavyowasomea watoto wake wa chekechea: miyombo, korongo, mwinuko, barabara. Nusu lita iliisha kabla ya korongo.

Alipolifikia, tembo walikuwa ndani yake. Watano, mmoja mdogo, hatua hamsini kutoka aliposimama. Jike mkubwa alichimba mchanga kwa mguu, akasubiri, akanyonya maji kwa mkonga. Lidwina alirudi nyuma polepole, akajibanza kwenye kichuguu, upepo ukimpiga usoni. Mwaka mzima aliwaota wanyama hawa. Sasa walimzuia kufika kwenye maji na barabara, na kila dakika waliyokunywa ilikuwa dakika ya mguu wa Edwin. Hakuweza kuwaharakisha. Alikaa, akahesabu pumzi zake, akasali rozari kwa vidole, na ilipofika fumbo la tatu jike yule aligeuka na wote wakamfuata, wakipanda ukingo bila sauti.

Alishuka hadi kwenye shimo walilochimba. Maji yalikuwa ya kahawia na yananuka mkojo. Aliyachuja kwa pindo la khanga, akanywa, akatapika, akanywa tena.

Alikuwa akipanda mwinuko aliposikia injini. Hapo alikimbia. Alianguka kwenye mawe, goti likapasuka, akainuka, akakimbia tena, na alipotokea barabarani mlio ulikuwa umekwisha. Vumbi tu lilining'inia.

Aliinama juu ya alama za tairi. Ilikuwa pikipiki moja, na alama zake zilielekea langoni. Hakuna za kurudi. Alitazama tena, kwa kidole, kwa muda mrefu, hadi akaamini. Kisha akavuta matawi yaliyokauka, akaziba barabara kutoka ukingo hadi ukingo, akaketi katikati yake juani, maana aliogopa kwamba akikaa kivulini atalala.

Jua lilikuwa limeinama pikipiki iliporudi. Juu yake alikuwa skauti mzee aliyepiga muhuri, Majaliwa, na nyuma yake kijana wa kazi hiyohiyo, Isidori.

"Shikamoo," Lidwina akasema.

"Marahaba, mwanangu," Majaliwa akajibu kwa mazoea, kisha akaruka chini. "Gari liko wapi? Tumefika hadi langoni."

"Halikupita huku. Liko mbugani, magharibi ya hapa, kilomita kumi na moja. Karatasi niliandika uongo."

"Uongo gani tena," Isidori akashangaa, "na muhuri umepigwa?"

"Kijana, nyamaza." Majaliwa alikuwa tayari ameshika redio. "Kuna aliyeumia?"

"Dereva. Mguu. Maji yao hayafiki lita."

Gari la maskauti lilizunguka mbuga kwa ukingo wake mgumu, Lidwina akiwa amesimama nyuma akionyesha kwa mkono ambao wino wake ulikuwa umebaki madoa. Jua lilikuwa bado halijazama walipoiona khanga nyekundu juu ya paa la gari lililozama. Tumpe alikuwa amekaa kwenye tope hadi kiunoni, akimkinga Edwin jua kwa mgongo wake mwenyewe. Edwin alikuwa anapumua.

Lidwina alimpa Edwin maji kwanza, kisha akamshikia Tumpe kikombe. Alipomnywesha alisubiri aone koo likimeza kweli.

"Umechelewa," Tumpe akasema.

"Kulikuwa na tembo korongoni."

"Wangapi?"

"Watano. Mmoja mdogo."

Tumpe akafikiri. "Karibu na barabara yako?"

"Karibu."

"Basi kwaya watawaona," akasema, na akalala palepale.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, kwaya ilikaa ukumbini. Madaktari walikuwa wameuokoa mguu wa Edwin. Mzee Bartolomeo alimshukuru Mungu kwa maneno mengi, kisha akamwita Tumpe aeleze, kwa kuwa ndiye aliyeongoza. Tumpe alisimama. Alisema yeye ndiye aliyechagua njia ile na kwamba hakumuuliza mtu yeyote anayeijua mbuga. Alieleza tope, jeki, maji. Alipofika kwenye kungoja msaada, akamgeukia Lidwina.

"Kuanzia hapo mwenye kujua ni Lidwina," akasema, na akaketi.

Watu arobaini waligeuka. Lidwina alisimama, akaishika meza. Akawaambia kila kitu. Hakusema shetani alimpitia. Alisema alimwonea Tumpe wivu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ukumbi ulinyamaza ili kuisikia.

Alipomaliza, Mama Devota wa sauti ya pili akauliza, "Na Edwin anajua?"

"Anajua. Juzi nilimwambia mwenyewe, hospitalini."

"Amesemaje?"

Lidwina aliiachia meza. Jibu lile lilikuwa limemchoma kidogo tangu juzi, na lilikuwa bado linamchoma. "Amesema nikirudi kumwona, niende na Tumpe."

"Na utaenda naye?"

Alimtazama Tumpe, ambaye midomo yake ilikuwa bado na magamba ya kidonda, na ambaye alikuwa anatazama sakafu kama mtu asiyesubiri kitu.

"Chukua kapu la uji, dada," Lidwina akamwambia. "Mimi nabeba chupa ya chai. Tukikawia hapa muda wa kuona wagonjwa utapita."