Karani wa Chini ya Cherehani

Nipe sikio, nikutegee kitendawili. Nina jicho moja wala sioni, lakini nimevisha mtaa mzima. Mimi ni nani? Kama umesema sindano, umepatia. Na nyumba tunayoingia sasa ndiyo makao ya sindano.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa fundi wa nguo. Alishonea kwenye chumba cha mbele: cherehani dirishani, meza ya kukatia kando ya ukuta, vipande vya vitambaa sakafuni. Chini ya cherehani alilala mbwa wao, Karani. Walimwita hivyo kwa sababu kila mteja aliyeingia alinuswa viatu kwanza, kama anayeandikishwa, ndipo akapishwa.

Fundi alikuwa na binti wa miaka tisa. Mtoto huyo alijifunza kutembea akishika mgongo wa Karani.

Siku moja Karani alibadilika. Hakugusa chakula. Alijificha nyuma ya meza, mate yakimtiririka, na sauti yake ikawa ya kukwaruza.

"Amekwamwa na mfupa huyu," fundi alisema. Akampanua kinywa kwa vidole, akatafuta mfupa. Hakuuona.

Kesho yake binti alimpelekea maji. Karani akamrukia, akamng'ata mkononi. Kisha akarudi nyuma ya meza, akakodolea ukuta macho kama hawajui.

Fundi alimvuta mwanawe nje, akafunga mlango. Macho yake yalizoea kuona kilichochanika, na mikono yake ilizoea kukiziba. Akachukua kipande cha kitambaa kilichokuwa begani mwake, akaufunga mkono ule kwa nguvu, ncha kwa ncha.

"Mama, usimwambie mtu," binti alisema kwa kwikwi. "Watampiga mawe."

"Nani atajua? Tutasema ni waya wa uzio. Nyamaza, mwanangu."

Haikupita nusu saa, akaja jirani yao muuguzi kuchukua gauni lake la kazi.

"Mkono umefanya nini?" aliuliza.

"Waya," fundi alijibu haraka.

Muuguzi alikifungua kitambaa taratibu, akatazama. "Waya wa kwenu una meno ya juu na ya chini?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Shoga, unamficha nani? Mimi si askari. Karani yuko vipi?"

Hapo fundi akasema yote: chakula, mate, sauti. Uso wa muuguzi ukabadilika.

"Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Ugonjwa unapita kwenye mate. Jeraha la mbwa halifungwi hivi, wala halipakwi mafuta wala majani. Linaoshwa. Lete sabuni."

Wakamweka mtoto chini ya bomba. Maji yalitiririka, povu likatiririka, mtoto akalalamika.

"Imetosha sasa," fundi alisema.

"Bado. Dakika kumi na tano. Usikisie, tazama saa."

"Kituo cha afya nitampeleka kesho asubuhi. Nina gauni la bibi harusi."

"Bibi harusi atasubiri. Ugonjwa huu ukishaanza kumsumbua mtu, hauna dawa. Kabla haujaanza, chanjo inauzuia. Twende sasa hivi. Na ukifika, sema ukweli. Ukiwaambia waya, watamtibu waya."

Kituoni fundi alisema ukweli. Mtoto akachomwa sindano ya chanjo, na nyingine kuzunguka jeraha lenyewe, akapewa tarehe za kurudi. Mganga wa kituo akauliza, "Kuna mwingine aliyegusa mate ya mbwa?"

Fundi alitazama vidole vyake. Vilikuwa na matundu mapya ya sindano, kama siku zote. Ni vidole hivyo alivyotia kinywani mwa Karani.

"Mimi," alisema. Akakunja mkono wa gauni lake, naye achanjwe.

Waliporudi, muuguzi alikuwa ameshamwita daktari wa mifugo. Daktari huyo alivaa glavu nene zilizofika viwikoni. Alichungulia dirishani kwa muda mrefu.

"Mfunge tu," binti alimsihi. "Mfunge mpaka apone."

Daktari alichuchumaa ili walingane. "Mbwa mzima akimng'ata mtu, tunamfunga na kumwangalia siku kumi. Karani ameshaugua. Hawezi kumeza hata maji. Nitamchoma sindano ya kulala, asiteseke."

"Kwa nini alining'ata? Nilimkosea nini?"

"Hukumkosea. Wala yeye hakutaka. Ugonjwa ulikuwa umeshamchukua." Akamgeukia mama. "Mlimchanja lini?"

Fundi alikumbuka. Siku ya chanjo ilipotangazwa, sare za shule zilikuwa zimejaa mezani. Naye alisema, Karani haendi popote, nani amwambukize? Lakini mwezi uliopita mbwa mgeni aliruka uzio, wakapigana.

"Sikumchanja," alisema. Binti yake alikuwa akisikia.

Karani alilala usingizi wake mchana ule. Kipimo kikathibitisha ugonjwa. Mama na mwana walirudi kituoni kila tarehe waliyoandikiwa, hata jeraha lilipopona na mtoto akaona uvivu. Hawakuugua.

Siku ya chanjo ya mbwa ilipotangazwa tena, wengi mtaani walisema mbwa wao hawajazoea kamba, watawashikaje? Fundi hakubishana nao. Alikusanya masalia ya vitambaa vigumu, akayashona maradufu, mshono juu ya mshono, akapata kamba ishirini na moja. Binti akazipeleka nyumba kwa nyumba. "Mtapita kwetu saa ngapi?" aliuliza kila mlango, na aliyejikuna kichwa alionyeshwa kovu.

Asubuhi hiyo mbwa ishirini walipanga foleni, wengine wakibweka, mmoja akimburuta bwana wake. Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari wa mifugo aliwachanja wote, kisha akaona kamba moja begani kwa binti.

"Na hiyo ya nani?"

Binti alimtazama mama yake. Fundi akaitengeneza kamba ile vizuri begani kwa mwanawe.

"Ya mbwa wetu," alisema. "Hatujampata bado. Siku tukimpata, utatuona wa kwanza kwenye foleni."