Neno la Mwisho la Seth Oxtoby

"Hester, mwanangu, usinisubiri mezani. Niko starved."

Simu ikakatika.

Hester Garbutt alikanyaga breki. Ford Focus ikaserereka hadi ukingoni mwa barabara, honi zikapigwa nyuma yake. Hakujali. Aliyepiga ni Seth Oxtoby, baharia mstaafu wa meli za uvuvi, mtu wake ndani ya genge la Draycott. Walijifanya mjomba na mpwa ili mzee aweze kumpigia hata mbele ya maadui.

Na leo maadui walikuwepo. Hester alimsikia mmoja wao akikohoa, kisha simu ikanyang'anywa.

Wamemkamata.

Aligusa kisikilizio. "Kituo, hapa Shakwe."

"Sema, Shakwe."

Ilikuwa sauti ya Amory, mkubwa wake, aliyekaa London kwenye kiti cha ngozi na chai ya moto.

"Mzee wangu wamemshika. Yuko hai. Kanipa neno moja tu. Starved."

"Yaani njaa?"

"Njaa."

Draycott alikuwa mtu wa kusini aliyekuja Hull, bandari ya kaskazini, kununua kila kilichofilisika. Alikuwa na majengo mawili mjini: kiwanda cha mikate kilichofungwa zamani, na ghala la barafu la samaki kule gatini. Katika moja mlikuwa na viwashio vya mabomu, na lori lilikuwa liondoke navyo alasiri hiyo kwenda London. Hawakujua ni lipi. Askari waliopo walitosha kuvamia mahali pamoja.

"Njaa, mikate," Hester alisema. "Ni kiwandani."

"Una hakika?"

"Nimezaliwa hapa, bwana."

Hilo halikuwa uongo. Alizaliwa mitaa miwili kutoka gatini, akalelewa na bibi aliyekuwa akichambua samaki. Kisha akaenda Oxford kusomea Kiingereza cha kale, akaweza kusoma tenzi za miaka elfu bila kamusi. Idara ya ujasusi ikamwajiri. Wiki ya kwanza wenzake waliicheka lafudhi yake. Mwezi wa pili hakukuwa na lafudhi ya kucheka. Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa huyu alilipwa vizuri.

Yeye na polisi walivunja mlango wa kiwanda.

Bastola ya Glock mbele. Tochi juu ya mtutu. Kushoto, hakuna mtu. Kulia, hakuna mtu. Matanuri yenye kutu, unga uliooza, panya wawili walioshangaa kuona wageni.

Seth hakuwemo.

Hester alitoka nje, upepo wa Bahari ya Kaskazini ukampiga usoni. Alirudia neno lile kichwani. Njaa. Njaa. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alikuwa mlangoni, mikono kwenye aproni, akiwatazama polisi kama anayetazama sinema ya bure. Akamwona Hester anavyotetemeka.

"Ingia ndani unywe chai, mwanangu," akamwambia. "Uko starved wewe."

"Ahsante mama, nimekula."

Mama akacheka. "Nani kataja kula? Jitazame, midomo imekuwa bluu."

Hester akagusa midomo yake.

Baridi.

Kwa watu wa Hull neno hilo ni baridi. Bibi yake alilisema kila asubuhi ya majira ya baridi, akivuta shali mabegani. Seth alilichagua akijua Draycott wa kusini atalisikia kama njaa. Na alijua Hester atalisikia kama mtu wa nyumbani.

Alikimbilia garini.

"Kituo! Ghala la barafu! Ni ghala la barafu!"

Lori lilikuwa linatoka getini. Hester hakupunguza mwendo. Aliipachika Focus chini ya pua ya lori, mfuko wa hewa ukamlipukia kifuani, akatoka kwa mlango wa abiria bastola ikiwa mkononi. Draycott alikuwa ameketi kando ya dereva. Mkono wake ukaingia ndani ya koti.

Risasi moja ya Hester ikapita kwenye kioo, ikakaa begani mwa Draycott. Mkono ukatoka mtupu.

Polisi walipasua matofali ya samaki walioganda, wakakuta viwashio, vimepangwa vizuri kama mayai katika trei. London ilikuwa imepona.

"Mzee yuko wapi?" Hester aliuliza.

Draycott, pingu mikononi, alikunja uso kwa maumivu. "Yule? Alilalamika njaa tu. Nikamwambia angoje chai."

Hester aliingia ghalani na kamera ya kupima joto. Kila kiumbe hai huonekana humo kwa rangi ya chungwa. Alipitisha kamera kwenye rafu, kwenye makasha, kwenye pembe zote.

Bluu. Bluu. Bluu.

Alimkuta kwa macho yake mwenyewe, nyuma ya makasha, amekunja magoti, amejifunika magunia matupu. Alikuwa ameuelekea mlango. Hester alipiga magoti akamfunga kifungo cha juu cha koti, jambo lisilo na faida yoyote, na akalia. Angekuja hapa kwanza, angemkuta hai. Hilo hakulikwepa.

Kisikilizio kikanguruma. Amory alifurahi, alitaja nishani, kisha akasema amebakiwa na kitu kimoja cha kujaza kwenye taarifa.

"Hilo neno lake. Tuandike njaa?"

"Kwa Kiingereza chako, njaa."

"Na kwa chao?"

"Kwa chetu," Hester alisema, na lafudhi ya bibi yake ikatoka bila kuombwa, "ni baridi. Na hapo mwanzo kabisa, kabla ya njaa na kabla ya baridi, lilikuwa na maana moja tu. Kufa. Nilipata alama za juu kabisa Oxford kwa kulijua hilo."



Hester alikitoa kisikilizio sikioni, akakiacha juu ya kasha la samaki, akapandisha ukosi wa koti na kuondoka kwa miguu kuelekea mtaa wa kwao, bila haraka.