Barua Iliyomzika Baba

Kila jioni nilikamua ng'ombe, nikapeleka maziwa kituoni Giakanja, kisha nikarudi nyumbani kusoma. Juma lile nilipitia kwanza kwa Muchiri, kijana mwenye duka la kompyuta anayewajazia watu fomu. Nilikuwa naomba nafasi katika shule ya kimataifa ya mtaala wa Uingereza kule Dubai. Ufadhili ulikuwa wa mwanafunzi mmoja tu, na walitaka barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani?

Swali hilo lilinikasirisha. Mimi ni Wachuka, msichana wa miaka kumi na mitatu, basi. Muchiri alicheka, akasema wafadhili hawana haja na mtoto aliyeshiba, akaiandika mwenyewe kwa dakika kumi. Ilipendeza kweli. Ilisema baba alifariki nikiwa na miaka sita. Nikatia sahihi.

Fomu ilihitaji sahihi ya mzazi pia. Nikampa mama, pamoja na ile barua. Nilisahau kwamba kwetu karatasi za shule husomwa na baba, na mama akampa yeye. Baba alivaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Wachuka," akaniuliza, "mimi nilikufa lini?"

Badala ya kuomba msamaha nilipandwa na hasira. Nilisema kila mtu hufanya hivyo, na kwamba yeye anataka nikamue ng'ombe hadi nizeeke. Mama akaanza kulia, maana kwetu kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa ni kumwitia kifo. Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alivaa koti, akaniambia nimfuate.

Dukani kulikuwa na wateja wanne. Baba aliweka barua mbele ya Muchiri.

"Mimi ndiye marehemu," alisema. "Nimekuja kuuliza nilizikwa wapi."

Hakuna aliyecheka. Muchiri alibabaika, ati huo ni mtindo tu. Baba alimkaripia kwamba anawafundisha watoto wa watu uongo kisha anauita kazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Niliandika upya, peke yangu, nikifuta na kunung'unika. Niliandika juu ya ndama aliyezaliwa kinyumenyume, jinsi mimi na baba tulivyomvuta kwa kamba hadi akatoka mzima. Haikupendeza kama ile ya Muchiri.

Baada ya mwezi mmoja watu wa shule ile walitaka kuzungumza nami kwa video. Mwalimu wao aliniuliza maswali mengi kuhusu ndama yule, nami nikayajibu yote bila kusita. Kisha akaomba kumsalimia mzazi wangu. Baba akavuta kiti, akakaa mbele ya simu.

Nafasi niliipata. Nilipomshukuru baba, hasira ilikuwa haijamtoka yote.

"Ungeipata kwa ile barua," alisema, "ungenificha maisha yako yote. Siku ya kukusindikiza uwanja wa ndege ningejiita nani, mjomba wako? Sema ukweli, Wachuka, ili popote uendako usiogope watu kumwona baba yako."