Mate ya Lodi Tarrington

Nilikuwa nampelekea supu tu. Ilikuwa Novemba 1999, jioni, na giza la London limeingia mapema. Lodi Tarrington alikuwa mtu mkubwa wa chama cha Conservative, nyumba yake Belgravia, mtaa wa matajiri, na juma hilo walikuwa wamewatoa bungeni malodi kama yeye, waliokalia viti vya kurithi. Hakuwa hata na mtoto wa kumwachia jina. Mimi nilikuwa mtunzaji wake, nikiwa na mimba ya miezi sita.

Chumba kilinuka. Si kinyesi, hicho nimezoea. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahaulika juani.

"Zipporah," akanong'ona, kwa Kiswahili alichojifunza utotoni, kwenye mashamba ya chai ya baba yake Kericho. "Njoo nimbariki mtoto."

Kwetu Kericho mzee akikutemea mate amekubariki. Hukatai. Nikainua blauzi. Mjinga mimi!

Ptuu.

Yalikuwa mazito, ya kijivu... na baridi. Yakateleza mpaka kitovuni. Yakaingia. Yesu wangu!

"Jina langu halitakwisha," akasema, akicheka.

Nyumbani Peckham nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Mtoto akaacha kucheza. Asubuhi, kimya. Hospitalini mkunga alisikiliza tumbo, uso ukambadilika, akaniambia nimngoje daktari.

Sikungoja. Nilipanda basi nikarudi kwa yule mzee.

"Yarudishe!" Heshima ilikuwa imeniishia. "Mate yako, yarudishe!"

"Unajua yanavyorudishwa?"

Nilijua. Nyanya yangu aliniambia: aliyetema kwa ubaya huyalamba mwenyewe.

Nikainua blauzi tena.

Ulimi wake ulikuwa mweusi, mrefu... ukakwaruza kama wa ng'ombe anayelamba chumvi. Nikatapika kwenye zulia lake la bei. Hakujali. Aliendelea kulamba, macho kafumba, akisikia utamu. Kinyaa gani hicho, jamani!

Ghafla akatulia. Kinywa wazi, pumzi hana.

Na tumboni...

Teke.

Nililia kwa furaha mpaka kituo cha basi, nimekumbatia tumbo kwa mikono yote miwili. Ni baadaye, nimeketi karibu na dirisha la basi, nilipojiuliza kama yule mzee alirudisha kitu chake, au alikifuata ndani.

Kijana wangu ana miaka minane sasa. Ni mzima, mwerevu, kanisani wanamsifu. Kila usiku ananiletea shavu.

Sijawahi kumbusu.