Kilo Thelathini na Sita

Kengele ya uzito ililia, mlango wa lifti ukakataa kujifunga, na watu kumi na wawili waliobanana humo ndani wakaanza kutazamana kama wezi waliokamatwa pamoja. Ilikuwa saa mbili asubuhi, kila mtu ana haraka, na kwa namna walivyokuwa wakijibana matumbo, kila mtu alikuwa mwembamba. Ndipo dada mmoja wa gauni la bluu, aliyesukumwa hadi kwenye kona, akasema bila hata kugeuza shingo:

“Kaka wa begi jekundu, samahani. Kilo themanini na mbili. Ukishuka wewe tu, tunaondoka.”

Watu wakacheka. Kaka wa begi jekundu, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akashuka bila ubishi. Mlango ukajifunga. Lifti ilipofunguka ghorofa ya sita, alikuwa ameshafika kwa ngazi, amesimama mbele ya mlango, mkono mmoja umeshika ubavu, jasho linamtiririka hadi kwenye kola.

“Themanini na moja,” alisema alipopata pumzi. “Umenizidishia kilo nzima, dada.”

“Hiyo moja ni ya begi.”

Ndivyo walivyoanza.

Kazini dada huyo walimwita Mizani. Kampuni yao ilikuwa ikikodisha ndege ndogo kwa watu wenye uwezo, na safari iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya hoteli ya mlimani: kwenda Jumamosi, kurudi Jumapili. Uwanja wa kule juu una njia fupi ya kutua na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo rubani hakuondoka mpaka ajue uzito wa kila kitu atakachobeba, hadi chupa za maji. Kazi hiyo ilikuwa ya Mizani. Alikuwa amepima wakurugenzi, mabibi harusi, na bwana mmoja aliyevua viatu, mkanda na saa ndipo akakubali kupanda. Sheria ya kazi ilikuwa moja: namba inaandikwa, haisomwi kwa sauti. Na siku alipoajiriwa alitia sahihi karatasi kwamba jina la abiria halitatoka ofisini, hata kwa mumewe atakapompata.

Yule kaka alikuwa muuguzi, wa wale wanaowafuata wagonjwa majumbani kwao. Naye alikuwa na kiapo chake. Huo ukawa ndio mchezo wao wa simu kila mchana.

“Umempima nani leo, mpenzi?”

“Siwezi kusema. Na wewe umemdunga nani?”

“Siwezi kusema.”

“Sasa tutaongea nini?”

“Tuongee sisi.”

Wakaongea wao kwa miezi minane. Muuguzi akazoea kumsubiri chini ya jengo jioni, na Mizani akazoea kumkuta ameshika mfuko wa karanga, nusu yake imeshaliwa. Mwishoni Mizani akamwambia mama yake. Mama, ambaye alimlea peke yake kwa kushona sare za shule, hakusema mengi. Aliuliza kama kaka huyo ana kazi, kama ana adabu, na kama anakula vizuri. Mizani akajibu kwamba ana kilo themanini na moja. Basi ikapangwa aje nyumbani Jumapili, saa kumi, na mjomba angekuwepo kumsikiliza. Mama akatoa vitambaa vya meza ambavyo havikuwa vimeona jua miaka mingi, akavifua.

Jumatano ya wiki hiyo simu ya ofisini ikalia. Aliyepiga alikuwa katibu wa mwanamke mmoja ambaye mji mzima ulimfahamu kwa jina la Mama Vitambaa, mwenye maduka matatu ya nguo na picha yake kubwa juu ya kila mlango: mjane ambaye hajafika hamsini, mnene, mzuri, anacheka meno yote. Alitaka jeti ya viti sita hadi mlimani. Abiria wawili. Hotelini wangelala nyumba moja, ile ya pembeni, wala mtu asiwasumbue. Mizani akauliza uzito wa abiria. Katibu akasema aandike wa kawaida. Kawaida ya ofisi kwa mwanamke ilikuwa sabini, akaandika sabini. Kisha yakaja majina kwa ujumbe, na la pili lilikuwa na majina yote matatu ya muuguzi wake, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Alilisoma mara tatu. Akainuka, akaenda kunywa maji, akarudi, likawa bado lipo.

Kesho yake muuguzi akapiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imechoka.

“Mpenzi, Jumapili saa kumi sidhani kama nitawahi. Nimepata kazi ya siku mbili.”

“Kazi gani?”

“Kazi tu.”

“Wapi?”

“Siwezi kusema.”

Zamani hapo ndipo wangecheka. Mizani alikuwa ameshika ile orodha mkononi, na mdomo wake umefungwa kwa karatasi aliyoitia sahihi yeye mwenyewe. Hakuweza kumwambia, najua unakokwenda na unayekwenda naye. Akamwambia alichoweza: kwamba mama yake ameshafua vitambaa, kwamba mjomba ameomba ruhusa kazini, na kwamba kama Jumapili hawezi basi asije kabisa, si Jumapili hiyo wala nyingine.

“Niamini kidogo,” muuguzi alisema.

“Nimekuamini sana. Ndiyo shida.”

Akakata. Nyumbani akamwambia mama yake kwamba mgeni hayupo tena. Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani. Hakusimamisha gurudumu.

“Amekukosea nini?”

“Ana mtu mwingine.”

“Ulimwuliza?”

“Siwezi kumwuliza, mama. Nilijua kwa njia ya kazi.”

Mama akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Akasema kwamba yeye chakula cha Jumapili atapika hata hivyo, kwa sababu mjomba hana habari za mapenzi ya watu, ana habari za tumbo lake.

Jumamosi asubuhi Mizani alifika uwanjani mapema. Aliijaribu mizani kama kawaida, kwa jiwe la kilo ishirini, ikasema ishirini. Alikuwa amevaa sare yake safi, amepaka wanja, na amejiapiza kwamba hatatetemeka. Saa moja gari jeusi likasimama mlangoni.

Mama Vitambaa akashuka taratibu. Gauni refu la kijani, koti zito la manyoya juu yake, kilemba cha hariri, miwani nyeusi, na rangi ya mdomo nyekundu. Manukato yake yalitangulia kufika kaunta. Muuguzi alikuwa amemshika mkono, amemsogelea sana, kwa namna ambayo Mizani alifikiri yeye peke yake ndiye aliyeijua. Alipoinua macho na kuona nani yuko nyuma ya kaunta, alisimama ghafla. Ilikuwa wazi hakuambiwa wataruka na kampuni gani.

“Karibuni,” Mizani alisema. Sauti ilitoka, akaishukuru. “Abiria wa kwanza, tafadhali.”

Mama Vitambaa akapanda na koti lake na viatu vyake. Namba zikakimbia, zikasimama.

Thelathini na sita.

Mizani akaitazama mizani, kisha akamtazama mwanamke. Mtoto wa darasa la sita ana kilo hizo. Akamtazama tena, safari hii bila wivu, akaona jinsi koti lilivyosimama lenyewe kama lililotundikwa, jinsi kilemba kilivyoficha kichwa kisicho na nywele, jinsi shingo ilivyobaki kamba mbili. Akaona na mkono wa muuguzi. Haukuwa umemkumbatia, ulikuwa umemsimamisha. Na vidole vyake viwili vilikuwa vimelala juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, vikihesabu.

“Iandike tu, mwanangu,” Mama Vitambaa alisema polepole. “Usinisomee.”

“Hatusomi, mama.”

Akafuta sabini, akaandika thelathini na sita. Kalamu ilikuwa nzito. Kisha muuguzi akapanda, na namba ikawa sabini na sita. Kilo tano zilikuwa zimeondoka mwilini mwake pasipo Mizani kuona, yeye anayepima watu kwa jicho ndani ya lifti. Ni mara ngapi wiki hizo alimwona amechoka, akadhani amemchoka yeye?

Muuguzi akaweka kwenye kaunta bahasha iliyofungwa, yenye muhuri wa hospitali, imeandikwa kwamba ni ya rubani peke yake. Mizani akaipokea. Vidole vyao havikugusana.

“Kipasha joto kiwashwe mapema ndani ya ndege,” alimwambia fundi kwa redio, “abiria anahisi baridi.” Kisha akakimbia mwenyewe kuchukua mito miwili na blanketi la ofisini, akavipima, akaviongeza kwenye orodha, akavipeleka hadi kwenye ngazi. Muuguzi akavipokea.

“Asante,” alisema.

“Usiniambie kitu,” Mizani akamjibu. “Mtazame mgonjwa wako.”

Usiku ule hakumpigia, wala yeye hakupigiwa. Jumapili saa nane mchana ndege ikatua. Mama Vitambaa alishushwa kwa kiti cha magurudumu, blanketi hadi kidevuni, miwani ameivua. Macho yake yalikuwa makubwa na yametulia. Walipofika mbele ya Mizani akainua kidole, kiti kikasimama.

“Ndiye huyu?” aliuliza.

Muuguzi akaitikia kwa kichwa.

“Alikaa kule juu kama aliyefiwa, na anayekufa ni mimi. Nikamlazimisha aseme. Amesema tu kwamba kuna mtu alikuwa anamngojea leo saa kumi, nyumbani kwao.” Akapumzika, akavuta hewa. “Hawezi kukwambia habari zangu, nami nimempenda kwa hilo. Ila ni zangu, nitazisema. Mimi naondoka, mwanangu. Daktari amenipa wiki. Wanangu hawajui nilikokwenda, wangenizuia.”

Akaeleza kidogo kidogo, akisimama kila baada ya maneno machache. Walipooana, yeye na marehemu mumewe walikwenda mlimani kwa basi. Hawakuwa na uwezo wa hoteli. Walilala nyumba ya wageni ya chini, wakaziangalia taa za juu, na mume akamwahidi kwamba watapanda, wakishatulia kidogo. Duka la kwanza, wakasema la pili kwanza. La pili, wakasema la tatu. Mume akafa wakiwa bado wanatulia.

“Jana nimekaa kwenye kibaraza chenyewe. Nimeangalia chini tulipolala.” Akaushika mkono wa Mizani. Wake ulikuwa mwepesi mno, kama glavu tupu. “Pazuri. Lakini nilifika peke yangu. Ninyi saa kumi yenu haijapita.”

Ilipita. Muuguzi hakuweza kumwacha mgonjwa mpaka amfikishe kitandani na kumkabidhi kwa wanawe, na Mizani hakumwomba amwache. Nyumbani mjomba alikula, akasubiri, akala tena, akaaga. Mama aliuliza swali moja tu: huyo mtu mwingine je? Mizani akasema hakuwepo. Alikosea yeye kupima. Mama akafunika sufuria badala ya kuiosha.

Saa kumi na mbili na nusu mlango ukagongwa. Jengo lao halikuwa na lifti. Muuguzi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho ya ghorofa ya nne, anahema, shati limekunjamana, begi jekundu begani.

“Amefika kwake,” alisema. “Wanawe wote wako naye. Amewaambia.” Macho yake yalikuwa yamelowa. “Bado nakubalika?”

Mizani akanyoosha mkono, akamtua begi.

Mama akatokea jikoni akijifuta mikono. Akamwangalia mgeni tangu nywele hadi viatu, bila haraka, kama anayemchukulia vipimo vya suti.

“Si uliniambia kilo themanini na moja?”

“Alikuwa nazo, mama.”

Muuguzi akainamisha kichwa. “Shikamoo, mama. Naomba msamaha kwa kuchelewa. Nimekuja kwa ajili ya binti yako, nina neno la kusema…”

“Marahaba. Utalisema ukishakula,” mama alimkata, akageuka kuwasha jiko. “Na wewe, usisimame mlangoni na begi la watu. Mwekee maji anawe.”