Chai ya Kwa Mama Byron

Kila asubuhi Waceke alikoka moto na kupika chai ya watu wawili: yeye na babu yake, Mzee Kinuthia, ambaye Waceke alimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Waliinywa bila neno. Tangu nyanya yake afariki, nyumba yao ya Kapsoya ilikuwa imejaa ukimya.

Shuleni hali haikuwa nafuu. Waceke alikuwa amekonda. Alikunywa maji kila mara na kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Wenzake walimwita Mfereji, wala hakuna aliyetaka kuketi naye.

Asubuhi moja moto haukuwashwa. Daktari aliyemwona Waceke kwa ajili ya kiu hiyo alikuwa ameagiza damu yake ipimwe kabla hajatia chochote mdomoni ila maji. Guka alipokuwa akipiga viatu vyake rangi, Waceke alimsubiri langoni.

"We Waceke, utasimama kwa baridi kama mlinzi?" jirani yao, Mama Byron, aliita. "Ingia, mama. Kwangu mtu hapiti bila chai!"

Kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa amemkaribisha kwake. Waceke aliingia, akakimaliza kikombe chote, na sukari yake.

Katika maabara, mpimaji aliyeitwa Nekesa alimfunga mpira mkononi. "Hujala wala kunywa kitu?"

Waceke alimtazama Guka, aliyeketi wima kama mwalimu mkuu. "Kwani chai kidogo huharibu nini?"

"Sukari ya chakula huingia kwenye damu," Nekesa alieleza. "Insulini, inayotengenezwa na kiungo kiitwacho kongosho, huifungulia mlango iingie katika seli, iwe nguvu. Ukinywa chai yenye sukari, kongosho hujikakamua kutoa insulini. Tunaweza kudhani unayo ya kutosha, nawe urudi nyumbani na ugonjwa wako."

Waceke alikiri kwa hofu: "Nilikunywa chai kwa Mama Byron."

"Kwa nini?" Guka aliuliza kwa sauti nzito.

"Aliniita, Guka. Hakuna mwingine anayeniita."

Mzee aliinamisha kichwa.

Nekesa aliahirisha kipimo; kesho yake walirudi, Waceke akiwa hajanywa chai. Vipimo vilionyesha kwamba Waceke alikuwa na kisukari na insulini yake ilikuwa kidogo mno, akaanza kudungwa sindano za insulini kila siku. Punde kiu ilipungua na nguvu zikarejea. Mama Byron naye alimtengea birika la chai isiyo na sukari.

Jioni moja Guka alisogeza kiti karibu na jiko.

"Mjukuu wangu, daktari hutibu kwa kufuata kipimo, na kipimo hutegemea ukweli wa mgonjwa. Ulisema kweli ulipoogopa, na ukweli huo umekuokoa. Nami nimejua kosa langu: mtoto hapaswi kungoja kuitwa na jirani. Njoo, Waceke. Keti hapa, unisimulie ya shuleni."

Waceke aliketi. Chai ilipoa vikombeni, maana mazungumzo hayakwisha.